Karatasi Kabla ya Bunduki: Ukijiunga na Jeshi la Nchi Nyingine, Unajiunga na Nini Hasa?

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wazee wa Tanganyika waliopigana upande wa Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache walikuja na hati zao za utumishi, wengine na vipande vya sare vilivyochakaa, na wengi hawakuwa na chochote zaidi ya maneno yao. Husimuliwa kwamba mtu wa benki aliyeletwa kulipa alichukua ufagio, akawa anamkabidhi kila mzee asiye na hati, kisha anatoa amri za kwata kwa Kijerumani. Wazee wakakaza migongo. Ufagio begani, ufagio chini, geuka kulia. Hakuna aliyekosea.

Watu huisimulia habari hii kwa kucheka, na kweli inachekesha. Ila vita ile iliisha mwaka 1918. Mtu amesubiri miaka 46, ameshazika wake na watoto, halafu haki yake inategemea kama bado anakumbuka kubeba fimbo ya ufagio. Na hao ni walioishi mpaka 1964, tena walioweza kufika Mwanza.

Nimeikumbuka kwa sababu ya mpwa wangu. Alikwenda JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa kujitolea, akamaliza miaka yake miwili, jina halikutoka kwenye ajira za jeshi, akarudi nyumbani na vyeti na kifua kipana. Juzi kanitumia ujumbe alioupata kwenye kundi la WhatsApp: nafasi za kazi jeshi la Ufaransa, umri miaka 18 hadi 39, elimu si kigezo, uraia baada ya miaka 3, ada ya fomu shilingi 350,000. Chini yake kaandika: "Mjomba, hii ni kweli au ni matapeli?"

Jibu ni kwamba vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo vijana wanapopotelea.

Kwanza tuondoe dhana kwamba jambo lenyewe ni geni kwetu. Askari wa mwanzo wa Mjerumani hapa pwani hawakuwa wenyeji. Hermann von Wissmann alipotumwa mwaka 1889 kuja kumzima Bushiri, alipitia Cairo akaandikisha Wasudani, akachukua na watu wa kabila la Shangaan kutoka Msumbiji. Walikuwa watu walioacha kwao, wakaweka dole gumba kwenye mkataba, wakaja kupigania bendera ambayo baba zao hawakuijua. Kabla ya hapo masultani wa Unguja walikuwa na Wabulushi na Washihiri wao, na hadi leo koo za Kibulushi zipo Mombasa, wajukuu wa askari walioletwa kulinda ngome. Kijana wa Kiswahili anayetaka kwenda kuvaa kombati ya watu anafanya jambo la zamani sana. Kilichobadilika ni sheria.

Neno la kwanza ambalo watu hurushiana ni mamluki. Akisikika mtu kaenda vitani nchi isiyo yake, basi, mamluki huyo. Sheria ya kimataifa haiendi hivyo. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inaweka masharti 6, na mtu lazima ayatimize yote ndipo aitwe mamluki. Awe ameandikishwa mahususi kwa ajili ya vita hivyo. Awe anapigana kweli, si kupika wala kuendesha lori. Msukumo wake mkubwa uwe pesa, tena ameahidiwa malipo yanayozidi kwa mbali anayopata askari wa cheo kama chake katika jeshi hilo. Asiwe raia wala mkaazi wa nchi yoyote inayopigana. Asiwe ametumwa na serikali nyingine kwa kazi rasmi. Na, sharti linalowaokoa wengi, asiwe mwanajeshi aliyeandikishwa katika jeshi la upande wowote.

Sharti hilo la mwisho ndilo mlango wenyewe. Ukishaandikishwa rasmi, ukapewa namba, cheo na mshahara sawa na wenzako, wewe ni askari wa jeshi hilo, hata kama umezaliwa Singida. Ukikamatwa, unakuwa mateka wa vita: unafungiwa hadi vita viishe au mbadilishane, lakini hushtakiwi kwa kosa la kupigana tu. Mamluki hana kinga hiyo. Anaweza kupandishwa kizimbani kama jambazi. Mwaka 1976 Luanda iliwashtaki mamluki 13, wengi wao Waingereza, pamoja na Wamarekani, na wanne wakapigwa risasi. Afrika ilishachoka nao wakati huo: Kongo ya miaka ya 60 ilikuwa imewaonja, na Wakomoro walikuwa bado hawajamaliza kumwonja Bob Denard, mamluki wa Kifaransa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukapitisha mkataba wake dhidi ya umamluki huko Libreville, Julai 1977.

Mfano wa karibu zaidi ni Goma. Mwishoni mwa Januari 2025, mji huo wa mashariki mwa Kongo ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, Waromania zaidi ya 280 walijikuta wamekwama kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa. Walikuwa wameletwa kulisaidia jeshi la Kongo. Wakavushwa mpaka kwa miguu hadi Gisenyi, wakapekuliwa mbele ya kamera, wakapelekwa Kigali na kupandishwa ndege kurudi kwao. Taarifa zilizochapishwa baadaye zilitaja mshahara wa karibu dola 5,000 kwa mwezi, wakati askari wa Kongo aliyesimama nao kwenye handaki analipwa kiasi cha dola 100. Rudia yale masharti, hasa lile la malipo yanayozidi kwa mbali, uone kwa nini watu wa Goma hawakusita kuchagua neno la kuwaita. Wenyewe walijitetea kwamba wao ni wakufunzi.

Lakini karatasi nzuri nayo haitoshi kama aliyekukamata hataki kuisoma. Juni 2022 mahakama ya waasi wa Donetsk walioegemea Urusi iliwahukumu kifo Waingereza wawili na Mmoroko mmoja kwa kosa la umamluki, ilhali wote watatu walikuwa wameandikishwa katika jeshi la Ukraine kabla vita kubwa haijaanza. Waliokolewa na mabadilishano ya mateka Septemba mwaka huo.

Sasa nije kwenye ujumbe wa mpwa wangu, kwa sababu jeshi analolisema lipo.

Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa iliundwa tarehe 10 Machi 1831 na Mfalme Louis-Philippe. Paris ilikuwa imejaa wakimbizi na wageni wasio na kazi, Algeria ilikuwa inahitaji watu wa kufa, hesabu ikajumlishwa. Makao yake yalikuwa Sidi Bel Abbès, Algeria, hadi uhuru wa 1962, ndipo yakahamia Aubagne, karibu na Marseille. Leo ina watu wapatao 9,000 kutoka mataifa zaidi ya 140. Maofisa wake karibu wote ni Wafaransa, askari wa kawaida ndio wageni. Wakubwa kwa umri kule Katanga wanaijua bila kufundishwa: Mei 1978 ni kikosi chake cha miavuli kilichorukia Kolwezi. Na hapa jirani kabisa, kisiwani Mayotte, Lejioni imeweka kambi kwa miaka mingi.

Inapokea mwanamume yeyote wa miaka 17 na nusu hadi 39 na nusu, wa taifa lolote, mwenye pasipoti hai. Wanawake hawachukuliwi. Kifaransa si sharti. Mkataba wa kwanza ni miaka 5, na haupunguzwi kwa sababu umekumbuka nyumbani. Mshahara wa kuanzia uko jirani na kima cha chini cha Ufaransa, ila chakula, malazi na matibabu ni juu ya jeshi.

Namna ya kujiunga ni moja tu, na ni ya kizamani kabisa: unakwenda mwenyewe, kwa miguu yako, unabisha hodi kwenye ofisi ya kuandikisha iliyo ndani ya Ufaransa. Maarufu ni ngome ya Nogent nje kidogo ya Paris, na Aubagne penyewe. Mlangoni wanachukua pasipoti yako. Simu inakwenda, nguo zako zinakwenda, unapewa suti ya michezo. Kisha unasubiri, na kusubiri kwenyewe ni mtihani: unasafisha vyoo, unaosha masufuria, unafagia majani, unaitwa saa yoyote. Wanakupima meno, macho na magoti. Wanakupa mtihani wa akili kwa lugha yako au unayoikaribia. Wanakukimbiza kati ya mistari miwili huku kengele ikiharakisha. Wanakuning'iniza kwenye chuma ujivute juu. Halafu mahojiano, na hapo ndipo wengi huangukia, kwa sababu unaulizwa jambo moja leo, keshokutwa unaulizwa tena na mtu mwingine, na majibu yanalinganishwa. Umefungwa? Unadaiwa? Una mke? Mbona umeacha kazi ile? Anayekataliwa, na wanaokataliwa ni wengi kuliko wanaopokelewa, anarudishiwa pasipoti yake na kuoneshwa geti.

Anayepita anakwenda depo, Castelnaudary, miezi 4. Mwezi wa kwanza hukaa shambani, mbali na mji, usingizi kidogo na nyimbo nyingi. Nyimbo ndizo darasa la Kifaransa. Kuruta anayeimba "kepi" bila kujua ni kofia atajua baada ya wiki. Asiyejua lugha hupangwa na anayeijua, na hapo Mkongo wa Bukavu au Mrundi wa Bujumbura anaanza akiwa mbele ya kijana wa Mwanza. Mwishoni mwa mwezi huo wa kwanza kuna mwendo wa siku mbili na mzigo mgongoni, kilomita 50 na zaidi, ndipo wanavaa ile kofia nyeupe na kuitwa walejioni.

Kuna la jina. Zamani kila anayeingia alipewa jina jipya, tarehe mpya ya kuzaliwa na hata mahali papya pa kuzaliwa. Siku hizi ni hiari, lakini wapo wanaolichukua. Linasikika la kusisimua, mtu kuzaliwa upya. Fikiria upande wa pili: mama yako Igoma anapiga simu kambini kumuulizia mwanawe kwa jina alilompa mwenyewe, na anajibiwa kwamba mtu huyo hayupo. Hadi utakaporejeshewa jina lako halisi, kisheria huyo anayelipwa mshahara ni mtu mwingine.

Uraia nao upo, si uongo. Baada ya utumishi wa miaka 3, mwenye rekodi nzuri anaweza kuuomba. Anaweza kuomba, sikusema anapewa. Anayejeruhiwa vitani ana njia fupi zaidi chini ya sheria ya mwaka 1999, Wafaransa wanaiita kuwa Mfaransa kwa damu iliyomwagika.

Kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp ulikuwa umenakili ukweli mwingi, kisha ukachomeka ada ya fomu. Lejioni haina wakala Afrika. Haina fomu ya kuuza, haitozi hata senti, haitumi barua ya mwaliko na haimwombei mtu viza.

Uingereza ina njia tofauti, na kwa Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda ndiyo iliyonyooka zaidi, kwa kuwa inapokea raia wa Jumuiya ya Madola. Kwa miaka kadhaa ilidai mwombaji awe ameishi Uingereza miaka 5, sharti lililolegezwa mwaka 2018 wakati kambi zilipoanza kuwa na vitanda vitupu. Nafasi kwa wasio wakaazi zilipangwa 1,350 kwa mwaka kwa majeshi yote matatu, na zikijaa dirisha linafungwa. Ukiingia, unalipwa sawa na Mwingereza wa cheo chako.

Tatizo lake liko mwishoni, na ni la karatasi tena. Ukiwa jeshini, huguswi na sheria za uhamiaji. Siku unayovua sare kinga inakwisha, na una siku 28 za kuwa umeomba ukaazi. Baada ya utumishi wa miaka 4 unastahili kuomba, lakini lazima uombe, na kwa muda mrefu maombi hayo yalikuwa na ada nzito kwa kila kichwa katika familia. Ilikuwa mwaka 2022 tu ndipo ada ya askari mwenyewe ilipofutwa kwa waliotumikia miaka 6 au zaidi. Mwaka 2020 wastaafu 8 wenye asili ya Fiji, waliokuwa Iraq na Afghanistan, waliishtaki serikali ya Uingereza. Walisema hakuna aliyewaeleza kwamba hati haiji yenyewe. Walikuwa wamegeuka wahamiaji haramu katika nchi waliyoipigania, hawawezi kuajiriwa wala kutibiwa bure. Kesi yao haikufika mbali.

Marekani nitaipitia haraka. Haiandikishi mtu aliye Nairobi au Dodoma. Lazima uwe tayari mkaazi halali mwenye kadi ya kijani; Wakenya wengi waliomo jeshini humo walitangulia kupata bahati nasibu ya viza. Kati ya 2008 na 2016 kulikuwa na mpango wa kuwachukua hata wasio na kadi hiyo mradi wako Marekani kihalali na wana ujuzi unaotakiwa, zikiwemo lugha, na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Umefungwa. Anayekuuzia nafasi ya jeshi la Marekani ukiwa Ubungo anakuuzia hewa.

Wapo pia wanaokwenda bila kuitwa askari. Wakati wa vita vya Iraq, maelfu ya Waganda walipelekwa kulinda mageti ya kambi za Wamarekani, wameajiriwa na makampuni ya ulinzi. Mwanzoni mshahara ulikuwa mnono, makampuni yakagundua kwamba Kampala kuna watu wengi waliopitia jeshi na hawana kazi, mshahara ukashuka mwaka hadi mwaka. Mlinzi huyo hana pensheni ya jeshi lolote. Akilipukiwa, anabaki na bima iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria.

Halafu kuna Urusi, na hapa nitakaa.

Januari 2023 Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, Dk. Stergomena Tax, alitangaza kifo cha mwanafunzi Mtanzania aliyeuawa vitani Ukraine Oktoba iliyotangulia. Alikuwa amekwenda Urusi kusoma, akahukumiwa kifungo cha miaka 7, kisha gerezani akajiwa na watu wa Wagner, kampuni binafsi ya kijeshi ya Kirusi: pigana, kifungo kinafutwa na pesa unapata. Mzambia mmoja, mwanafunzi pia, alikuwa ameshakufa kwa njia hiyohiyo. Waziri alisema wazi kwamba sheria za Tanzania hazimruhusu raia kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Na kichekesho kichungu ni kwamba kwa sheria za Urusi yenyewe, kampuni ya kijeshi ya binafsi haikuwa na mahali pa kusimama. Kanuni yao ya makosa ya jinai inaadhibu umamluki. Yule kijana alisaini na mwajiri ambaye kwenye vitabu hayupo.

Baada ya Wagner kuvunjika, uandikishaji ulihamia kwa Wizara ya Ulinzi ya Urusi. Kisheria hilo ni afadhali, kwa maana mgeni sasa ni askari wa jeshi rasmi. Januari 2024 Rais Putin alisaini amri inayomrahisishia uraia mgeni anayeingia mkataba wa angalau mwaka mmoja, pamoja na familia yake. Mwaka mmoja. Kijana anayehesabu kwa vidole anasema, mwaka ni nini? JKT nilikaa miwili.

Sasa soma karatasi nyingine, ya tarehe 21 Septemba 2022, amri ya kuita askari wa akiba. Ndani yake kuna kipengele kinachosema mikataba ya wanajeshi inaendelea kuwa hai hadi kipindi cha wito huo kitakapokwisha. Kipindi hicho hakijatangazwa kuisha. Kwa hiyo mkataba unaosomeka mwaka mmoja hauna tarehe ya mwisho. Tarehe unaiona, imechapwa kwa wino, lakini amri nyingine iliyo juu yake imekwisha kuifuta. Hakuna dalali atakayekueleza hilo, na mkataba wenyewe umeandikwa kwa Kirusi, kuanzia kichwa hadi muhuri. Linganisha na Ukraine, ambayo nayo ilianza kuita wageni Februari 2022: huko mgeni ana haki ya kuvunja mkataba baada ya miezi 6. Vita ni vilevile na mizinga ni ileile, ila mmoja ana mlango wa kutokea.

Septemba 2025 brigedi moja ya Ukraine ilionesha video ya mateka Mkenya, mwanariadha. Maneno ya mtu aliye mikononi mwa adui husikilizwa kwa tahadhari, lakini simulizi lake lilifanana na la wengi waliofuata. Alisema alikwenda Urusi kwa safari ya michezo, viza ikakaribia kuisha, mwenyeji akamwambia kuna kazi, akaletewa karatasi za Kirusi asaini. Pasipoti na simu vikachukuliwa. Mwezi huohuo polisi wa Kenya waliwatoa vijana zaidi ya 20 kwenye nyumba za kupanga huko Athi River, wakisubiri kusafirishwa. Novemba serikali ya Kenya ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wako kwenye jeshi la Urusi, na waziri wa mambo ya nje wa Ukraine akataja Waafrika 1,436 kutoka nchi 36. Kazi walizokuwa wameahidiwa zilikuwa za udereva, upishi, ulinzi wa bohari.

Mtu wa namna hii tumwite nani? Kwa sheria ya vita si mamluki, maana ameandikishwa. Si wa kujitolea pia, maana alidanganywa. Kwa macho yangu ni mtu aliyesafirishwa kimagendo, na Kenya imeanza kuwafungulia mashtaka wanaowapeleka kwa kosa hilohilo. Lakini kwenye fomu iliyo Moscow jina lake limeandikwa, sahihi yake ipo, na ubalozi unaokwenda kumwombea unaoneshwa sahihi hiyo kwanza.

Hapo sheria za nyumbani zinaingia. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza zilirithi fikra ya sheria yake ya mwaka 1870, kwamba raia haruhusiwi kwenda kumpigania mtawala mwingine bila kibali. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina kifungu chake: bila kibali cha Rais ni kosa. Afrika Kusini ilitunga sheria yake mwaka 1998. Kwa hiyo anayerudi salama anaweza kukutana na faili mezani, na woga wa faili hilo huwafanya wengine wasipige simu ubalozini hata wanapotaka kuokolewa. Kama serikali zetu zinataka vijana warudi, zitenganishe mapema aliyedanganywa na aliyeuza wenzake, tena kwa maandishi. Kauli ya waziri kwenye runinga kijana aliye kwenye handaki haioni.

Wanepali ndio waliolishughulikia jambo hili kwa utaratibu. Wagurkha wao wamekuwa wakitumikia Uingereza tangu 1815, na mwaka 1947 Nepal, India na Uingereza ziliandikiana makubaliano ya pande tatu: nani anachukuliwa, analipwaje, dini yake inaheshimiwaje. Makubaliano hayakuwa ya haki kila mahali, Wagurkha walipigania pensheni na haki ya ukaazi mahakamani na barabarani, na ilikuwa mwaka 2009 tu ndipo wastaafu wa zamani wakaruhusiwa kuishi Uingereza. Lakini kulikuwa na karatasi ya kugombania, na serikali yao ilikuwa imeisaini. Vijana wao walipoanza kufa upande wa Urusi, Januari 2024 Kathmandu ilisimamisha vibali vya kwenda kufanya kazi Urusi na Ukraine. Kati ya Dodoma au Nairobi na jeshi lolote la nje hakuna makubaliano ya namna hiyo. Ukienda, unakwenda peke yako na sahihi yako.

Nilimwandikia mpwa wangu ujumbe mrefu, mfupi kuliko huu. Nikamwambia aulize maswali manne kabla ya yote. Mwajiri ni nani, jeshi la serikali au kampuni, na kama ni jeshi, je, mkataba una nembo ya wizara? Umeandikwa kwa lugha gani, na nani asiyelipwa na dalali ameutafsiri? Unaisha lini, na kuna sheria gani nyingine inayoweza kuurefusha? Na ukifa, jina la nani limeandikwa, na huyo mtu ataombaje fidia kama mwili haujapatikana? Hili la mwili si la kutishana. Familia nyingi za wageni waliokufa Ukraine, pande zote mbili, zimekwama hapohapo: bila mwili mtu si marehemu, ni aliyepotea, na aliyepotea halipiwi.

Nikamwambia pia kwamba kwa Lejioni majibu ya maswali hayo yapo na yanajulikana, ya kuridhisha kiasi, na kwamba yule anayedai 350,000 amblock.

Alikaa kimya kama saa nzima. Tiki zikawa za bluu. Kisha akajibu: "Sawa Mjomba. Kwa hiyo kazi ni bure. Sasa viza ya Ufaransa na nauli mpaka hapo getini, hiyo inapatikanaje?"

Sijamjibu bado. Viza ya kwenda kubisha hodi jeshini haipo kwenye orodha ya ubalozi wowote.